Kiwanja Kilichotanuka

Mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili, Baba aliniita nimchoree kiwanja chetu cha Nyamisangura. Tulipima kwa kamba yenye fundo kila mita 5, tukifuata mstari wa minyaa uliokuwa mpaka wetu: mita 40 mashariki kwenda magharibi, mita 60 kusini kwenda kaskazini. Nikatoa karatasi ya grafu, nikaandika juu yake skeli kama mwalimu alivyotufundisha: sentimita 1 kwa mita 5, mihimili yote miwili. Baba akaweka kidole kwenye kona moja. “Hapa ndipo choo,” akasema. Alikuwa ameshauona uwanja wake mle.

Alipofariki tulibaki watoto watatu wa kugawana. Wakati huo mpima ardhi alikuwa ameshaweka bikoni, na kila kona ilikuwa na namba zake za mashariki na za kaskazini. Za kaskazini zilizidi milioni tisa na laki nane, maana huku kusini mwa ikweta hesabu huanza na milioni 10 kwenye ikweta yenyewe, ikapungua kadiri unavyoteremka. Tulipatana vizuri. Dada mkubwa achukue kipande cha kusini kilicholala, mita 40 kwa 20; mimi na kaka vile viwili vilivyosimama, 20 kwa 40. Kila mtu mita za mraba 800.

Nikaingiza namba kwenye Excel, nikachora, nikachapa nakala tatu. Dada akaitazama yake kwa muda mrefu.

“Mdogo wangu, mbona mimi umenipa uchochoro?”

Na kweli ulikuwa uchochoro: urefu wake karibu mara tano ya upana. Vipande vyetu vilionekana vinono. Nikamsomea hesabu, hakusikiliza. Siku mbili hakunisemesha, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kumwambia.

Kosa lilikuwa langu. Nilisahau kwamba miraba ya karatasi ya grafu imekwishachapwa, haitanuki. Ya kompyuta hutanuka. Programu hupanga kila mhimili peke yake: hutazama namba ndogo na kubwa, huchagua mwanzo na mwisho, kisha hujaza kisanduku kilicholala. Mita moja ya mashariki ikachorwa zaidi ya mara mbili ya mita moja ya kaskazini. Eneo lilibaki sawa hata pichani, lakini jicho la mrithi halipimi eneo, linapima umbo.

Programu ya MATLAB husawazisha mihimili kwa amri moja. Mimi nilifanya kwa mkono: nikaipa mihimili yote miwili mita 80, mistari kila mita 10, kisha nikavuta pembe ya mchoro mpaka vijisanduku vyote vikawa miraba kamili. Nikachapa, nikapima kwa rula, nikarekebisha ukubwa, nikachapa tena.

Nakala ile Dada ndiye aliyeitia kwenye faili la familia, pamoja na karatasi ya Baba. Zote mbili zina sentimita 8 kwa 12.