Ukuta Haukuwa na Kosa

Ukuta haukuwa na kosa, wala aliyeutoboa. Jahazi la shaba lililoanguka kwenye mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja liliangushwa na mimi niliyelitengeneza. Aliyelitundika ndiye aliyelaumiwa na kukatwa pesa zake, nami nilikuwapo, nimesimama kando, nimefyata ulimi. Vijana wa kuchomelea huja karakanani kwangu kuniuliza namna ya kushikiza boliti nyuma ya pambo. Huwa nawaelekeza vizuri tu. Nisichowaambia ni namna nilivyoyajua hayo ninayowaelekeza.

Pambo la ukutani halipaswi kuonyesha linavyoshikiliwa. Mteja anataka kuona tanga, mlingoti na mawimbi, hataki kuona vichwa vya skrubu. Kwa hiyo boliti hukaa mgongoni, hesi zikielekea ukutani. Bamba langu lilikuwa la shaba nyekundu, unene wa milimita 1, nimelifinyanga kwa nyundo hadi tanga likajaa upepo. Ukilitoboa umeharibu sura. Ukilipiga mashine ya umeme utatoboa zaidi ya ulichokusudia. Kilichobaki ni kuunga kwa moto wa gesi, kwa rodi inayoyeyuka mapema kuliko vitu vyenyewe vinavyoungwa. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, chuma juu zaidi ya hapo, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Tatizo ni rodi gani.

Rodi za fedha zilikuwa ghali, na malipo ya awali nilikwisha kuyala. Jirani yangu ni fundi friji. Akanipa konzi la rodi zake, zile za shaba yenye fosforasi. "Chukua tu, kaka. Hizi hazijawahi kuniangusha." Alisema kweli. Kwenye mabomba ya kopa rodi hizo ni raha tupu: huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 710 hivi, na hata boraksi hazihitaji, maana fosforasi yenyewe huondoa oksijeni juu ya shaba. Lakini yeye huunga kopa kwa kopa. Mimi nilikuwa naunga kopa kwa boliti za chuma. Fosforasi ikikutana na chuma huungana nacho, ikatengeneza utando mgumu usiokubali kupinda hata kidogo. Kwa nje kiungo kinameta. Ndani kinangoja kugongwa tu.

Boliti ya kwanza niliichomelea jioni. Nilipaka boraksi, nikapasha bamba hadi likawa jekundu la kufifia, nikagusisha rodi, na shaba ikakimbia kuzunguka kichwa cha boliti, ikafunga duara safi ajabu. Niliifurahia kazi ile. Ilipopoa nikavisha washa na nati, nikakamata spana. Sikuikaza hata nusu ya nguvu zangu. Ikalia tak, boliti ikabaki kwenye spana.

Niliitazama. Kiungo kizuri kikivunjwa kwa nguvu huacha shaba iliyoraruka, imevutika, ina nyuzinyuzi. Uso wa boliti ile ulikuwa wa kijivu na mkavu, hauna hata chembe ya shaba iliyokataa kuachia. Sikuhitaji kusoma uhandisi kujua kwamba hapo hapakushikana kitu. Nilijua. Ila boti ya Unguja ilikuwa asubuhi. Nikaisugua kwa tupa, nikaichomelea upya kwa rodi ile ile, safari hii nikairundika shaba hadi ikawa kichuguu. Nikachomelea na zilizobaki. Kisha nikafanya jambo ambalo ndilo hasa ninaloliungama: nati za boliti zote nikazizungusha kwa vidole. Spana niliirudisha sandukuni kwa makusudi, kwa sababu sikutaka kujua.

Boliti zile ziliingia kwenye ubao, na ubao ukafungwa ukutani. Mzee aliyeutundika alikuwa fundi ujenzi wa kijijini pale, mtu mtaratibu, alipima kwa uzi mara kadhaa kabla ya kutoboa. Msimu wa kusi ukapita. Usiku mmoja jahazi likashuka lote sakafuni. Bahati njema mapokezi hapakuwa na mtu. Ubao ulibaki ukutani na boliti zake zote. Mzee akaonyesha: "Bwana, mkono wangu ni huu ubao, na ubao upo." Meneja akamjibu kwamba alizikaza nati kupita kiasi ndiyo maana zikakatika, kisha akanigeukia. "Au siyo, fundi?"

Nikasema, "Inawezekana."

Basi. Neno hilo moja lilimgharimu mzee yule ujira wake wote, pamoja na jina lake pale hotelini.

Kiufundi, dawa ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Tumia rodi ya fedha, ya asilimia 45 hivi, isiyo na kadimiamu maana moshi wake ni sumu. Hiyo hushika chuma na shaba kwa pamoja chini ya nyuzi 700, pamoja na poda yake maalumu. Kichwa cha boliti kitengeneze kwa tupa kiwe bapa, kikae sawasawa juu ya bamba, kwa sababu rodi hujivuta yenyewe kwenye mwanya mwembamba wa sehemu ya kumi ya milimita. Kurundika hakusaidii, kichuguu changu kilikuwa pambo juu ya pambo. Shaba husambaza joto karibu mara nane kuliko chuma, basi usogeze moto kwenye bamba zaidi, boliti itapata lake. Paka hesi risasi ya penseli, rodi isizizibe. Boliti iliyopakwa zinki iondolee zinki kwanza, usiombe homa ya moshi ule. Na chomelea kabla ya kumaliza nyundo, kwani moto hulainisha shaba uliyoikomaza.

Lakini hata rodi ingekuwa sahihi, chuma juu ya shaba kwenye hewa ya chumvi kisingedumu. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba ya milimita 2.4. Ngozi hiyo imeshikwa kwa vishikizo vya shaba vilivyopigwa ribiti, vikikumbatia pao za chuma, na kati ya chuma na shaba waliweka kizuizi. Kizuizi kilipochakaa chuma kikaota kutu, kikavimba, kikang'oa ribiti. Katika matengenezo ya miaka ya 1980 pao hizo zikabadilishwa kuwa za chuma kisichoshika kutu. Siku hizi mimi hutumia boliti za shaba, sibishani na bahari.

Mzee nilimwendea, nimechelewa mno. Nikamweleza lote, rodi, spana na lile neno. Alichukua pesa aliyokatwa, niliyomrudishia, akaihesabu mbele yangu, akaniuliza kama nimemwambia meneja. Nilikuwa sijamwambia. Akasema basi bado sijaja. Nikaenda hotelini siku hiyo hiyo, nikasema mbele ya watu wa mapokezi. Meneja aliyekuwapo alikuwa mpya na hakuelewa namzungumzia nani.

Kuna mapambo yangu mengine ya wakati ule yaliyochomelewa kwa rodi zile. Ukiwa na mojawapo nyumbani au dukani, literemshe leo, usilale chini yake. Shika boliti kwa spana uizungushe. Ikikatika na kuacha uso wa kijivu, niletee: kazi ni yangu na sitatoza kitu.