Sindano iliyongoja sahihi ya daktari

Huenda nawe umewahi kuambiwa maneno haya mbele ya dirisha la kliniki: "Daktari hayupo, rudi Jumatatu." Mimi niliambiwa Jumamosi moja ya mwaka 2009, na hadi leo sijayasahau.

Baba yangu ni seremala. Alasiri hiyo alikanyaga msumari wenye kutu katika karakana yake, ukapenya soli ya kiatu na kuzama mguuni. Nilimpeleka katika kliniki moja ya kibinafsi mtaani kwetu, Eastlands. Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye mkono mwepesi. Aliosha kidonda, akakifunga vizuri. Nilipomuuliza kuhusu sindano ya pepopunda, alinionyesha friji kwa kidevu. Dawa ilikuwemo. Yeye mwenyewe alikuwa amedunga watu kwa miaka na mikaka. Lakini kanuni ya kliniki ile ilikuwa kwamba mtu mzima hadungwi mpaka daktari aandike, na daktari alikuwa ameondoka saa saba.

Jumatatu ilipofika, Baba alikuwa na vitanda vinne vya kumkabidhi mteja. "Kidonda kimekauka," akasema. Nami sikumsukuma. Siku ya kumi taya zilimkaza hata akashindwa kunywa chai. Alilazwa majuma matano katika chumba kilichotiwa giza, kwa sababu mwangaza au kelele kidogo tu ilitosha kuufanya mwili wake wote ukakamae kama ubao. Alipona, nashukuru Mungu. Wapo wengi wasiopona.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule nesi. Aliyenifumbua macho ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekwenda Marekani kusoma na hatimaye akajiunga na jeshi la huko. Alifunzwa kazi ya utabibu wa kijeshi huko Fort Sam Houston, katika jiji la San Antonio, Texas. Alipokuja likizoni Desemba 2023, tuliketi naye sebuleni kwa Baba, na mazungumzo yakaangukia sindano.

"Kwa hivyo wewe sasa ni daktari?" Baba akamuuliza.

"La, Mjomba. Mimi ni askari tu."

"Na unadunga watu?"

"Nadunga. Kuna asubuhi napokea makurutu kwa mamia."

"Daktari akiwa wapi?"

"Pengine yuko jengo jingine. Lakini karatasi yake ninayo."

Karatasi hiyo, msomaji, ndiyo kiini cha makala haya. Huitwa agizo la kudumu. Bila shaka unalijua neno hilo kutoka benki. Unatia sahihi mara moja, na kila mwezi karo au kodi ya nyumba inalipwa bila wewe kupiga foleni tena. Katika zahanati za jeshi la Marekani, daktari huandika agizo la namna hiyo kwa kila chanjo, akatia sahihi na tarehe. Tangu hapo muuguzi au tabibu aliyefunzwa anaweza kumchanja yeyote anayetimiza masharti yaliyoandikwa, bila kumtafuta daktari kwa kila mkono unaonyooshwa.

Usidhani kwamba ni karatasi ya kurahisisha mambo tu. Binamu yangu alinihesabia yaliyomo kwa vidole. Inasema nani achanjwe, kwa umri au kwa kazi au kwa safari anayokwenda. Inasema kipimo cha dawa, na mahali pa kudunga. Inataja maswali ambayo lazima yaulizwe kwanza: Je, una homa leo? Umewahi kupata mzio baada ya chanjo? Una ujauzito? Sindano ya mwisho ulidungwa lini? Jibu lolote likitoka nje ya mipaka ya karatasi, tabibu anaweka sindano chini na kumpeleka mtu huyo kwa daktari. Isitoshe, dawa ya adrenalini lazima iwe karibu, endapo mtu atazidiwa ghafla. Mwisho, kila sindano huandikwa katika rekodi ya askari.

Ni kwa nini jeshi lihitaji utaratibu huu? Jibu limo katika historia. Jeshi hukusanya vijana kutoka kila pembe na kuwalaza katika bweni moja. Mmoja akikohoa, wote wamekohoa. Mwaka 1777, katika vita vya kupigania uhuru wa Marekani, Jenerali George Washington aliona ndui ikimmalizia askari. Akaamuru jeshi lake likingwe kwa njia ya wakati huo, ambayo ilikuwa ya hatari kwa sababu chanjo ya Jenner ilikuwa bado haijagunduliwa. Mwaka 1898, katika vita dhidi ya Uhispania, homa ya matumbo iliwashika zaidi ya askari 20,000 katika kambi zilizokuwa ndani ya Marekani kwenyewe, na zaidi ya 1,500 wakafa kabla ya kumwona adui. Mwaka 1911 chanjo ya homa hiyo ikawa ya lazima katika jeshi la nchi kavu. Basi fikiria kila askari akingoja daktari amwandikie karatasi yake peke yake. Kombania ingeondoka kabla ya foleni kufika katikati.

Hapa binamu yangu alinisahihisha jambo ambalo nami nilikuwa nalichanganya. Agizo la kudumu si amri ya kumlazimisha askari achanjwe. Hayo ni mambo mawili. Agosti 2021 jeshi la Marekani lilifanya chanjo ya Korona kuwa sharti kwa askari wake, na Januari 2023 sharti hilo likaondolewa. Hiyo ilikuwa amri kwa anayedungwa. Agizo la kudumu ni ruhusa kwa anayedunga, pamoja na mipaka yake.

Wala si mambo ya wanajeshi peke yao. Mwaka 2000 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Marekani kuhusu chanjo ilipendekeza utaratibu huu kwa watu wazima. Mwaka 2002 serikali hiyo iliruhusu hospitali na nyumba za wazee zinazolipwa kupitia bima zake za umma zitoe chanjo za homa ya mafua na nimonia kwa agizo la aina hii, bila sahihi ya daktari kwa kila mgonjwa.

Nawe mama unayesoma haya, hebu kumbuka kliniki ya watoto. Mtoto wako alipofikisha majuma sita, kisha kumi, kisha kumi na manne, ni nani aliyemdunga? Ni nesi, kwa kufuata ratiba iliyoandikwa, na hukumngoja daktari. Vivyo hivyo surua, katika miezi tisa na miezi kumi na minane. Utaratibu huo tunaujua na tunauamini kwa watoto wetu. Ila mtoto akishakua na kuanza kukanyaga misumari ya kazi, mara nyingine anaambiwa arudi Jumatatu.

Tulipofika hapo, binamu yangu alimgeukia Baba. "Mjomba, baada ya kutoka hospitali, ulimaliza sindano zako?"

Baba akatazama sakafu. Alikuwa amedungwa moja tu hospitalini, basi. Alidhani aliyeugua pepopunda haugui tena. Kumbe ugonjwa huo hauachi kinga yoyote mwilini; aliyepona anahitaji chanjo kama yule ambaye hajawahi kuugua. Miaka kumi na minne alikuwa akishika nyundo bila kinga kamili, nami mwanawe sikuuliza.

"Basi si unidunge wewe," Baba akasema kwa mzaha.

"Siwezi, Mjomba. Karatasi yangu inaishia langoni mwa kambi."

Wiki iliyofuata nilimpeleka mwenyewe katika kituo cha afya cha umma. Nesi alimuuliza maswali yale yale, akamdunga, akaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Safari hii tarehe hiyo naiweka mimi.

Msomaji, waulize wazazi wako leo ni lini walidungwa sindano ya pepopunda. Na ukifika kwenye kliniki ya mtaani, kabla hujaumia, uliza: daktari asipokuwepo, nesi anaruhusiwa kufanya nini? Kama hana ruhusa, mwombe mwenye kliniki aketi na daktari wake waiandike. Ni kazi ya alasiri moja.