Kihansi: Mto Ugawanao Maji Yake

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Mlimba, ukishapita Ifakara utaiona milima ya Udzungwa imesimama mkono wako wa kuume mithili ya ukuta. Katika ukuta huo ndimo Mto Kihansi unamoporomoka, ukishuka zaidi ya mita 800 kabla ya kutulia katika bonde la Kilombero.

Mteremko huo ndio utajiri wake. Huko juu maji yamezuiwa kwa bwawa dogo, yakaingizwa katika handaki lililotobolewa mwambani, nayo hushuka kwa kishindo hadi kwenye mitambo mitatu iliyojengwa chini ya ardhi. Kila mtambo una uwezo wa megawati 60, jumla 180. Kituo hicho kilizinduliwa mwaka 2000, na umeme wake huingia katika gridi ya Taifa, hata ukafika viwandani na majumbani mwetu.

Lakini hakuna neema isiyo na gharama. Tangu kale maporomoko hayo yalilinyunyizia korongo lake usiku na mchana. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, wataalamu walikuta humo chura wa rangi ya dhahabu, asiyezidi urefu wa sentimeta 3, asiyetaga mayai bali huzaa. Hajapata kuonekana kwingine duniani. Maji yalipoelekezwa handakini, manyunyu yalififia. Yakawekwa mabomba ya kurushia maji, na baadhi ya vyura wakapelekwa Marekani kutunzwa. Hata hivyo, waliobaki walipungua, ugonjwa wa kuvu nao ukawakuta, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2010 kizazi cha wale waliohifadhiwa kilianza kurejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa korongoni kwao.

Ewe mzazi, mwanao akikuuliza umeme hutoka wapi, usimwoneshe swichi ukutani. Msimulie habari za mto huu, ambao sehemu ya maji yake huachwa ipite korongoni ili kiumbe mdogo naye apate kuishi. Kisha mfundishe kuzima taa isiyo na kazi. Maana mto mmoja wadaiwa na wengi, na anayetumia kwa kiasi humwachia mwenziwe haki yake.