Mitoki Baada ya Upasuaji

Mimi ni mama wa Nyangezi, mkulima wa mihogo na maharagwe. Nilipasuliwa Bukavu kwa kansa ya mlango wa kizazi. Waliondoa kizazi pamoja na tezi za ndani ya nyonga, maana kansa hii ikianza kutembea hupenda kupitia humo. Majibu yakawa mazuri. Tulitoa sadaka ya shukrani, mume wangu akachinja mbuzi, nikarudi shambani taratibu.

Asubuhi moja nikioga, vidole viligusa kitu. Kinenani, upande wa kushoto. Mitoki. Kama maharagwe yaliyolowekwa. Sikumwambia mtu.

Usiku sikulala. Niliigusa. Nikaiacha. Nikaigusa tena. Nikasema, imerudi. Nilishasikia kwamba ikirudi mara nyingi hutakiwa mionzi, na kwetu Kivu ya Kusini mashine hiyo haikuwepo. Wenye uwezo walivuka mto Ruzizi hadi Kigali, Rwanda. Mimi nivuke kwa pesa gani? Hata mbuzi tulishamla. Watoto walikuwa wanakoroma. Nani atawalea? Nikajaribu kusali. Maneno hayakuja. Baba Yetu, basi. Nikarudia Baba Yetu mpaka kukacha.

Mama mkwe ndiye aliyeniona nachechemea. Hakuuliza mengi. Alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa pesa ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. "Mwanangu, kesho tunapanda Bukavu." Wamama wa shirika letu la kanisani wakabaki na watoto.

Tulikwenda Panzi, hospitali aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999. Daktari aliyenipokea hakuanza na kinena. Alinivua kiatu. Kati ya vidole palikuwa na kidonda, na mguu ulikuwa umevimba, una moto. Akanieleza: tezi za nyonga zikiondolewa, maji ya mguu hupungukiwa njia. Kijidudu kikiingia hata kwenye mkwaruzo, tezi za kinena zilizobaki ndizo zinazopigana nacho, zinavimba na kuuma. Za kansa mara nyingi huwa ngumu, tena haziumi. "Lakini sibahatishi," akasema. Akachoma sindano kwenye mitoki, akavuta majimaji, akayapeleka maabara.

Kisha kungoja. Chakula hakipiti. Simu ikilia, tumbo linakatika. Mume wangu alikuwa akinishika mkono bila kusema neno, na mtu huyu ni msemaji!

Hapakuwa na kansa. Nilipewa dawa ya vijidudu, nikaambiwa niinue mguu nikilala na nivae buti shambani. Mitoki ikanywea.

Hata leo nikioga, mkono huenda pale wenyewe, na moyo unaruka. Kwenye vipimo vyangu bado ninakwenda.

Dada yangu uliyepasuliwa, ukipapasa uvimbe, usiukande kwa majani wala usikubali kuchanjwa chale. Usikae nao kimya. Nenda waukague, wachukue kipimo. Nauli ikikosekana, mwambie mama mkwe, waambie wa shirika. Waambie leo.