Nundu ya Kope na Shaka ya Kubadili Maumbile



Nawaandikia kutoka Nyeri, ambako mama mmoja aliniuliza kwa haya baada ya darsa: "Shekhe, nimeambiwa nipasuliwe nundu ya kope. Je, huko si kubadili maumbile ya Mungu?"

Nundu hiyo naijua, kwani nami nilikuwa nayo. Ilianza kama chokea. Maumivu yakaisha, ukabaki uvimbe mgumu kama punje ya mbaazi. Daktari alinieleza kwamba ndani ya kope mna tezi za mafuta yanayohifadhi unyevu wa jicho. Tezi ikiziba, mafuta hujikusanya. Si jicho la hasidi, wala haiambukizi. Nyingi huyeyuka kwa kukandwa na kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Yangu ilikataa. Nikadungwa sindano ya ganzi, kope ikapinduliwa, nundu ikapasuliwa kwa ndani na kukwanguliwa. Siku ile ile nikarudi nyumbani, bila mshono wala kovu.

Kilichokatazwa ni kubadili umbo lililo zima kwa kutaka urembo; kuondoa maradhi ni tiba. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu kuvaa pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Jicho likifungwa, osha palipo wazi, pangusa juu ya bendeji, kisha utayamamu. Kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi, swala hizo hulipwa, kwa kuwa uso ni kiungo cha tayamamu.

Dada zangu, linalonitia hofu ni haya inayogeuka kimya. Nundu inayorudi pale pale, inayotoka damu au kupukutisha nywele za kope, huenda ikawa saratani. Kipande chake hupelekwa maabara. Wengi wa huku Nyeri, Karatina na Nanyuki hujiona wako mbali na hospitali ya PCEA Kikuyu, yenye kitengo mashuhuri cha macho, wakaahirisha safari. Usiahirishe. Kumfunulia tabibu uso kwa haja ya tiba hakuna dhambi; fuatana na maharimu wako.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho yetu. Amin.