Darubini Hupimwa kwa Rula

Vijana wengi wa milimani kwetu Usambara siku hizi wanatamani kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Ni kazi halali, tena yaweza kumlisha mtu. Misitu ya Amani na Magamba inajulikana mbali, kwa kuwa ina ndege wanaopatikana katika sehemu chache tu za dunia. Yuko chozi wa Amani, ndege mdogo wa sentimita 8 hivi, ambaye hupenda kukaa juu kwenye vilele vya miti. Kwa macho matupu utaona kitu kinarukaruka tu. Hutajua kama ni chozi huyo au mwingine.

Kwa hiyo kijana atahitaji darubini ya macho mawili. Na fedha itatoka wapi? Itatoka katika mfuko uleule wa sare za shule, chumvi na mbolea. Ndiyo sababu nataka tuzungumze, wazazi na vijana pamoja, fedha hiyo isije ikapotea bure.

Mwaka huu mama mmoja mjane alikuja ofisini kwangu nimsaidie hesabu. Mwanawe alitaka auziwe mbuzi wawili ili anunue darubini kama ya mwenzake, iliyonunuliwa mnadani. Kijana alikuwa ameiazima, akaiweka mezani. Imeandikwa 30x60 kwa rangi nyeupe. Mimi nilisomea ualimu, na rula haikosekani mezani pangu. Nikapima kioo cha mbele: milimita 22.

Mama akauliza, "Basi hiyo sitini iko wapi, mwanangu?"

Nikamjibu, "Iko katika maandishi tu, mama."

Tuzielewe namba hizo. Darubini ya kweli huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni kiasi cha kukuza: ndege aliye umbali wa mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza mwanga mwingi, nao mwanga ndio unaotakiwa msituni alfajiri, wakati ndege wanapoimba.

Pengine utasema, "Basi ninunue inayokuza mara 20." La, ndugu yangu. Kadiri inavyomkuza ndege, ndivyo inavyokuza na mtetemeko wa mikono yako. Tena sehemu unayoiona huwa ndogo, hata ndege akihama tawi umekwisha mpoteza. Fanya hesabu nyingine. Gawanya 42 kwa 8, utapata 5 na kidogo: huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalofika jichoni. Sasa gawanya 50 kwa 20, utapata 2 na nusu. Penye kivuli utaona giza. Watazamaji wengi wa ndege huchagua 8x42, au 8x32 wakitaka iliyo nyepesi. Ya mara 10 yafaa kwa mwenye mikono mitulivu na kwa mahali peupe, kama ziwani.

Ukifika dukani usiharakishe. Kwanza, toa rula upime kioo cha mbele. Pili, ishike mbali na uso, uielekeze penye mwangaza, uyatazame yale maduara mawili ya mwanga katika vioo vya nyuma: yawe duara kamili, yasiwe yamekatwa pembeni. Tatu, tazama paa la nyumba ya mbali kwa dakika chache. Ukiona paa mbili, au macho yakianza kuuma, vioo vya ndani havikukaa sawasawa, irudishe. Nne, uliza kama haipitishi maji, maana ukungu wa milima yetu hauna huruma. Mwenye miwani ajaribu akiwa ameivaa, aone kama anaona duara zima.

Iliyokwisha tumika si mbaya, mradi utazame ndani kama hamna kuvu mfano wa utando wa buibui. Na zile za umbo la zamani, ambazo vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma, usizidharau. Kati ya darubini za bei ndogo, mara nyingi ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi.

Ukiisha nunua, itunze. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Mchanga hukwaruza vioo. Wala usilitazame jua kwa darubini hata mara moja, kwa maana utapofuka. Waonyeni na watoto.

Mbuzi wa yule mama wangali zizini. Mwanawe na vijana wenzake wawili wanachanga fedha wanunue moja ya 8x42, nao watapokezana, kila mmoja siku zake. Kwa sasa wanajifunza sauti za ndege asubuhi na mapema, kazi ambayo haihitaji darubini wala shilingi.

Basi wazazi, kijana akiomba darubini msimcheke, wala msimpe fedha kwa kuwa namba ni kubwa. Mpeni kwanza rula.