Kagoma: Shule Imesogea, Nasi Tusogee

Mtu atokaye Bukoba mjini akielekea kusini huliacha Ziwa Nyanza mkono wake wa kushoto, hupita Kemondo penye bandari, akapanda vilima na kushuka mabonde hata akafika Muhutwe. Na kutoka Muhutwe ni safari ya kilomita 24 tu kufika Kagoma, katika wilaya ya Muleba. Nchi hii ni ya kijani mwaka mzima. Nyumba hazionekani upesi, kwani kila moja imejificha katikati ya kibanja chake: migomba juu, mibuni katika kivuli cha migomba, na maharage chini ya mibuni. Baina ya kijiji na kijiji kuna rweya, ndiyo mbuga ya majani ambapo mifugo hulishwa na upepo hupita bila ya kizuizi. Mgeni akikaribishwa kibanjani hapewi maneno tu, bali huletewa kahawa ya kutafuna na ndizi za kupikwa, na haachiwi kuondoka njaa.

Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Leo lami imefika Kagoma, ikaendelea mpaka Biharamulo na Lusahunga, mwendo wa kilomita 154 uliozinduliwa mwaka 2013. Mabasi ya Mwanza na malori ya nchi jirani hupita hapo usiku na mchana. Lakini kilichotupendeza sisi katika njia hiyo si lami wala malori. Ni watoto. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya ziwa, pembeni mwa barabara huonekana safu ya wavulana na wasichana waliovaa sare, wengine na mabuyu ya maji, wengine na vifurushi vya kuni, wote wakienda shule ya sekondari kwa miguu. Kwa jambo hilo ndipo tumeona yafaa kuwaandikia ndugu zetu wasomaji habari hizi.

Sisi tuliomaliza darasa la saba katika miaka ya themanini twaujua uzito wa jambo hilo. Wakati ule majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa ukutani, na shule nzima ya msingi iliweza kutoa mtoto mmoja au wawili, na mwaka mwingine asitoke hata mmoja. Aliyekosa hakuulizwa sababu. Alirudi kibanjani, au alikwenda ziwani, na mwenye bahati alishika chuo akasoma Kurani na elimu ya dini mpaka akawa mwalimu. Hatuyasemi haya kwa kulalamika. Mwenyezi Mungu ametupa riziki yetu katika chuo. Twayasema ili vijana wa leo wajue kwamba mlango uliofunguliwa kwao ulikuwa umefungwa kwa baba zao.

Si kwamba Bukoba haikuwa na shule. Sifa ya mkoa huu kwa elimu ni ya siku nyingi. Ihungo, iliyo juu ya kilima karibu na mji, na Nyakato pia, zimetoa wasomi waliotumikia nchi nzima. Lakini shule nyingi za zamani zilikuwa za misheni, na wazee wengi wa Kiislamu walisita kuwapeleka watoto wao huko kwa kuhofia imani yao. Hofu hiyo tusiidharau, walakini tusifiche kwamba ilikuwa na gharama, na gharama hiyo imelipwa na wajukuu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule nyingi za mashirika chini ya Serikali, sababu ile ilipungua nguvu. Ikabaki sababu nyingine: nafasi zilikuwa chache, na shule zilikuwa mbali.

Kisha nchi ikapatwa na mitihani mingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walijulikana katika mkoa huu wa Kagera, na baada yake vibanja vingi vilibaki na bibi na mayatima tu. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulijulikana katika wilaya hii hii ya Muleba, na mkungu uliokuwa chakula na ada ukaoza ungali shinani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likapiga, watu wakafa, nyumba zikaanguka kwa maelfu, na Ihungo na Nyakato zenyewe zikabomoka hata zikafungwa kwa muda. Katika kila msiba wa namna hiyo, wa kwanza kuondolewa shuleni ni mtoto, na mara nyingi ni mtoto wa kike.

Ndiyo maana shule za sekondari za kata ni neema kubwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizieneza shule hizo katika kata nchini kote, na wananchi wenyewe walibeba mawe, mchanga na maji kuzijenga. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa, na tangu mwaka 2022 ya kidato cha tano na cha sita pia. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza ujenzi wa vyumba 12,000 vya madarasa ya sekondari. Shule imesogea mpaka karibu na mlango wa nyumba. Sasa swali si kama mtoto ataingia. Swali ni kama atamaliza.

Basi katika pande hizo za Kagoma tulialikwa, pamoja na wazee wengine wa msikiti, kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya sekondari. Tulikaa juu ya madawati ya watoto wetu, magoti yakigusa mbao, na mkuu wa shule akatusomea habari za shule na makusudio yake. Makusudio hayo yalikuwa manne: watoto wapate chakula cha mchana, wasichana watokao mbali wapate bweni, maabara zilizojengwa kwa michango zipate vifaa na waalimu, na asipotee hata mmoja kati ya kidato cha pili na cha nne.

Juu ya chakula maneno yalikuwa mengi. Serikali imeondoa ada, lakini chakula katika shule za kutwa kimeachwa kwa wazazi. Mzee mmoja alisema, "Sisi ni watu wa ndizi, tutashindwaje kuwalisha watoto wetu?" Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Ta, ndizi hazikai ghalani, na nani atamenya za watoto mia nne kila asubuhi?" Watu wakacheka, lakini neno lake lilikuwa kweli. Tukakubaliana juu ya mahindi na maharage, kwa sababu huwekwa yasioze na makande hupikwa katika sufuria moja. Na kila nyumba itoe kipimo chake wakati wa mavuno, si fedha wakati ambapo fedha hazipo. Sisi Waislamu tukaomba jambo moja, nalo likakubaliwa bila ya ubishi: katika mwezi wa Ramadhani fungu la watoto wanaofunga lisipikwe mchana, bali likusanywe liwe futari ya wale watokao katika nyumba dhaifu.

Mtoto anayetembea saa nzima asubuhi, akakaa darasani mpaka alasiri bila ya tonge, kisha akarudi saa nzima, hana akili iliyobaki ya kujifunza kemia. Na aongezewe juu ya hayo kwamba masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na yeye ametoka darasa la saba akisoma kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza huo ndio wenye kuvunja mioyo. Mzazi asiyejua Kiingereza adhani hana msaada wa kutoa, anao. Msaada wake ni taa usiku, ni kumwachia mtoto saa moja bila ya kumtuma maji, na ni kumwuliza kila jioni, "Leo mmesoma nini?" hata kama jawabu halielewi.

Kusudio la nne ndilo lililotugusa zaidi. Wavulana wengi hawafukuzwi shuleni, bali huvutwa. Barabara ile ile iliyoleta heri imeleta bodaboda, na kijana wa kidato cha tatu amwonapo mwenzake akihesabu noti jioni, daftari humwia zito. Ziwa nalo lina wito wake. Visiwa vya Goziba na Kerebe vimo katika wilaya hii, na dagaa hawaulizi cheti. Baba mmoja alisimama akasema kwamba mwanawe yuko kisiwani tangu mwezi wa tatu, na huleta nyumbani fedha za chumvi na sukari. Hakuna aliyemlaumu, kwani sukari ni kitu cha kweli. Lakini mzee aliyekaa karibu naye alimwambia, "Ndugu yangu, leo anakuletea sukari. Akiwa na umri wako, ataleta nini?" Yule baba akakaa kimya. Kabla ya mkutano kwisha aliomba nauli ya chombo impate mwanawe, na wazee wakamchangia pale pale.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi. Kuna njia ya rweya isiyo na nyumba, kuna giza la alfajiri, na kuna watu wasiomcha Mungu wanaongoja njiani na ahadi ya nauli au simu. Wako pia wazazi wanaoona binti amekua, wakaanza kusikiliza maneno ya posa. Twawaeleza ndugu zetu wazi: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Na kama binti amekwisha kupatwa, asifichwe jikoni kama chombo kilichovunjika. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana wa namna hiyo arudi masomoni baada ya kujifungua. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliulizwa mambo ya dini na wanaume wakubwa, naye akawajibu. Nani basi awezaye kusema kwamba elimu si ya binti?

Sasa twageukia nyumba yetu wenyewe, yaani chuo. Yako malalamiko ya pande mbili. Mwalimu wa shule husema mtoto wa madrasa huondoka kabla ya masomo ya jioni. Mwalimu wa madrasa husema shule imemnyang'anya mwanafunzi wake. Mtoto akiwa katikati huvutwa mikono miwili, na mwisho huacha pote pawili. Jambo hili lina dawa, na dawa yake ni saa. Wadogo wa shule ya msingi waweza kusoma chuoni jioni kama desturi. Walio kidato cha tatu na cha nne wapangiwe Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alfajiri, wakati akili ni safi na shule imefungwa. Ijumaa waende msikitini kwa ruhusa, na sala ikiisha warudi darasani mara moja, wasiifanye Ijumaa kuwa siku ya utoro.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo linalotahiniwa katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na shule hutenga vipindi vya dini katika juma. Mara nyingi vipindi hivyo hupita bure kwa kuwa hapana mwalimu. Mwalimu wa kulifundisha yuko wapi, kama si yule aliyekaa mkekani nusu ya umri wake akifundisha watoto hao hao? Katika mkutano ule waalimu watatu wa vyuo waliandika majina yao kwenda kufundisha kwa zamu, kwa idhini ya mkuu wa shule. Hawatalipwa mshahara. Lakini wataonekana na watoto wakiingia katika lango la sekondari kwa kanzu zao, na mtoto ataona kwa macho yake kwamba dini na shule hazigombani.

Mtihani wa kidato cha nne hufanywa mwezi wa Novemba, nao ndio mwezi wa mvua na senene. Kila mtu wa Bukoba anajua furaha ya usiku wa senene, taa zikiwaka na watoto wakikimbia na mifuko. Hatumkatazi mtu furaha hiyo. Twasema tu kwamba mwaka ambao nyumba ina mtoto wa kidato cha nne, senene wakusanywe na wengine, naye aachiwe alale. Sahani yake awekewe.

Neno la kwanza alilopewa Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma, naye hakuwa amesoma mbele ya mwalimu yeyote. Sisi nasi, ambao wengi wetu hatukupata kukaa katika darasa la sekondari, hatuna udhuru wa kuwazuia wanaoweza kukaa humo. Haba na haba hujaza kibaba: kipimo cha maharage kwa kila nyumba, saa moja ya taa, mwalimu mmoja wa zamu, nauli ya kijana mmoja kutoka kisiwani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Kagoma katika njia yao ya alfajiri, awape waalimu wao subira, awape wazazi moyo wa kutoa, na awafikishe wote mwisho wa safari waliyoianza. Amin.